Siku tano melini kutoka Singapore: tubebe nini, tuache nini?

MwalimuWaTanga

Wakuu, habari za humu ndani. Mimi ni mgeni wa kuandika, si mgeni wa kusoma. Huwa nawachungulia usiku usingizi ukigoma.

Shida yangu ni hii. Kijana wangu wa kwanza anafanya kazi Doha. Mwaka jana nilipostaafu, miaka 36 ya chaki, jiografia na Kiswahili, akaniambia mama nina zawadi yako. Nikajua ni bati, maana za jiko la uani zinavuja. Kumbe kanikatia tiketi ya meli ya kitalii, mimi na mdogo wangu wa kike. Tunaruka Dar mpaka Doha, Doha mpaka Singapore, tunalala hapo usiku mmoja, kesho yake adhuhuri tunapanda meli. Port Klang, Penang, Phuket, siku moja nzima baharini bila kusimama, halafu Singapore tena. Usiku tano kwa jumla. Ni mwezi wa pili, kwa hiyo zimebaki wiki saba.

Mlangobahari wa Malaka nimeufundisha kwa fimbo na ramani ya ukutani tangu ujana wangu. Sikuwahi kufikiri ipo siku nitapita juu yake nikiwa nakunywa chai.

Sasa maswali. Chombo kikubwa nilichowahi kupanda ni boti ya Dar kwenda Unguja, na siku hiyo nilitapika mpaka nikaomba radhi kwa watu nisiowajua. Nitaweza siku tano? Pili, mdogo wangu ameshaanza kujaza sanduku kama anahama. Mpaka jana lilikuwa na pasi, birika la umeme, chetezo na udi wake, chupa mbili za achari ya embe, na pea sita za viatu. Nimkataze kipi? Tatu, karatasi za meli zinasema kuna usiku mmoja wa "mavazi rasmi". Mimi ni mtu wa baibui na kanga, hiyo rasmi ni ipi? Nne, nina presha na goti la kushoto halipendi ngazi. Visa nisiulize, kijana anasema hatuhitaji kwa kuwa tunalala melini.

Nina miaka 61, msinifiche kitu.

Kipanga_79

Shikamoo mama. Bila kukuudhi, hela hizo si mngeenda Umra nyote wawili na chenji ikabaki?

MwalimuWaTanga

Marahaba. Hija nilikwenda 2012, mwanangu. Na hela si zangu, zingekuwa zangu ningenunua bati.

Baharia_Likoni

Shikamoo mwalimu. Uzi huu umenikuta nimekaa dukani sina mteja, kwa hiyo nivumilie nitaandika kirefu.

Nilifanya kazi miaka tisa kwenye meli za kitalii, mhudumu wa vyumba, na misimu minne kati ya hiyo tulikuwa tukitokea hapo hapo Singapore kwenda Penang na Phuket. Siku hizi nauza vipuri vya pikipiki. Lakini kila siku asubuhi na jioni nilikuwa naingia vyumba kumi na tano na zaidi, natandika, nafuta, naona mzigo wa watu. Najua wanachobeba na najua kinachorudi nyumbani hakijafunguliwa.

Kabla ya sanduku, hilo la visa. Mpigie kijana leo, usingoje kesho. Kulala melini hakukuondolei visa. Pasipoti hukaguliwa gatini kabla hujapanda, na mkaguzi anatazama kila nchi iliyo kwenye safari, si ile unayotaka kushuka tu. Ukikosa ya nchi moja, hata uape kwamba wewe hutatoka chumbani, unaweza kuachwa gatini na nauli ikapotea. Nimewaona watu, familia nzima na watoto wameshavaa kofia za ufukweni, wanaketi juu ya masanduku yao huku meli inafungua kamba. Kwa pasipoti ya Tanzania, Singapore na Malaysia mnaingia bila visa kwa matembezi mafupi. Phuket ni Thailand, na Thailand wanataka visa. Inaombwa mtandaoni, na wiki saba zinatosha mkianza sasa. Tazameni pia pasipoti ziwe na miezi sita mbele kuanzia siku ya safari.

Halafu kuna fomu za kuingia. Singapore wana kadi ya kuwasili, inajazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure. Ukiona tovuti inakudai dola, hiyo ni ya madalali. Mtaijaza mara mbili, mkiingia kwa ndege na mkirudi kwa meli. Malaysia na Thailand nao wana zao, ile ya Thailand ilianza Mei 2025. Kampuni ya meli itawaandikia lipi linawahusu nyinyi, muhimu msome hizo barua pepe mpaka chini.

Sasa mzigo. Ukifika gatini Marina Bay watu wa mizigo wanachukua sanduku lako, wanalifunga lebo yenye namba ya chumba, linaondoka. Wewe unapitia uhamiaji, unapanda, unakula, unazunguka meli. Sanduku halijafika. Saa kumi halijafika. Kuna wageni walipata la kwao baada ya chakula cha usiku. Ndiyo maana wageni wazoefu utawajua kwa mkoba wao wa mkononi: ndani mna pasipoti, dawa zote, chaja, miwani, nguo ya kubadili, na wakitaka kuogelea, nguo ya kuogelea. Ufungashe huo mkoba kana kwamba sanduku halitakuja kabisa. Nakuambia hili kwa herufi kubwa moyoni ingawa sipendi kupiga kelele mtandaoni: DAWA ZA PRESHA ZISIINGIE SANDUKUNI.

Masanduku yote yanapita kwenye mashine. Likionekana na pasi, birika, mshumaa au ekstensheni ile yenye kinga ya umeme, haliji mlangoni kwako. Linapelekwa chumba cha walinzi chini, na unaitwa ukalifungue mwenyewe mbele yao. Sisi wafanyakazi chumba hicho tulikiita jela. Siku ya kwanza jela huwa na foleni, watu wazima wamesimama kama watoto waliochelewa namba. Kinachoogopwa ni moto. Melini hakuna pa kukimbilia. Kwa hiyo mwambie mdogo wako pasi ibaki Tanga. Birika pia, na hata hivyo meli nyingi za upande ule huweka la kwao chumbani kwa sababu Wachina na Wamalai hawalali bila maji ya moto. Udi na chetezo ndiyo kabisa, usithubutu. Juu ya dari pana kitambua moshi, na kikilia hawaji wawili, linakuja kundi.

Achari. Mwalimu, nina historia na achari. Mgeni mmoja alileta chupa ya achari ya limao, kaifunga kwa mfuko mmoja wa plastiki, akaisokota katikati ya mashati. Ndege ikaibana, kifuniko kikaachia kidogo tu. Sanduku lilipowekwa kwenye korido mafuta yalikuwa yameshapita kitambaani, na zulia la korido lilikuwa la rangi ya krimu. Nilisugua kwa magoti mpaka saa saba ya usiku na lile doa la manjano liliondoka nusu. Mpaka leo nikisikia harufu ya bizari mgongo unaniuma. Pia chakula cha kupika nyumbani huzuiwa gatini, kinachopita ni kile kilichofungwa kiwandani. Biskuti na pakiti za chai za dukani sawa. Nyama ya aina yoyote msiingie nayo Singapore. Jojo, yaani chingamu, nazo acheni, huko zimepigwa marufuku kuingizwa tangu 1992.

Soketi. Singapore na Malaysia wana matundu matatu kama yetu, chaja ya Tanga inaingia moja kwa moja. Lakini chumbani melini utakuta tundu za Kimarekani, mbili bapa, na za Ulaya, mbili za mviringo. Chaja ya miguu mitatu haiingii. Leteni adapta ndogo, moja ya kila aina, isiyo na waya mrefu.

Kuta za chumba ni chuma. Wageni hawajui. Kanunueni sumaku zenye ndoano, nne au tano, mzitie ukutani mtundike kanga, baibui, kofia na ule mkoba. Chumba ni kidogo, ukuta ndio kabati. Bafuni mtaona kifundo cha duara ukutani. Ukikivuta inatoka kamba ya kuanikia. Fueni kanga pale usiku, asubuhi imekauka kwa ile AC. Msianike kwenye roshani, upepo unazichukua na walinzi wanachukia.

Bahari. Hapa nakutuliza, mwalimu, na wewe utanielewa kuliko wengine. Februari kaskazi inavuma huko kama inavyovuma kwetu, ni pepo za familia moja. Inaichafua Bahari ya Kusini ya China, wale waendao Vietnam wakati huo huyumba kweli. Ila nyinyi mnapita magharibi ya Rasi ya Malay, nchi kavu inawakinga, na ng'ambo ya pili ipo Sumatra. Mlangobahari wa Malaka mwezi wa pili mara nyingi ni kama maji ya beseni. Na meli ile si boti ya Unguja. Boti inapiga wimbi, meli inaliegemea. Kama vyumba bado havijapangwa, ombeni cha katikati ya meli, ghorofa za chini, ndiko kunakotulia.

Goti nitalirudia, ameingia mteja wa pedali.

Nesi_Moro

Shikamoo mwalimu. Naongezea ya afya tu.

Dawa za presha beba za siku kumi na nne ingawa safari ni ya siku nane au tisa. Ziwe kwenye boksi zake zenye jina, usizichanganye kwenye kichupa kimoja cha vidonge vya aina zote kama tufanyavyo, na uwe na barua ya daktari kwa Kiingereza. Dawa yoyote ya kikohozi au maumivu yenye kodeini iache. Singapore ni dawa ya kudhibitiwa na inaweza kutaka kibali.

Homa ya manjano: Thailand imeiweka Tanzania kwenye orodha ya wanaotakiwa kuonyesha cheti. Kama ulichanja ulipokwenda Hija, kitafute kile cheti cha njano. Usishtuke ukikuta kimeandikwa miaka kumi. Tangu Julai 2016 chanjo ile inahesabiwa ya maisha, hata kwa vyeti vya zamani. Mdogo wako kama hajawahi kuchanjwa, inabidi achanjwe siku kumi kabla ya kufika, na akiwa na miaka 60 au zaidi amwone daktari kwanza, kwa umri huo chanjo ya mara ya kwanza haitolewi tu hivi hivi.

Kuhusu kutapika, vidonge vya sinarizini vinauzwa famasi zote, unakunywa kabla ya safari si baada ya kuanza kutapika. Vinaleta usingizi. Kwa kuwa una presha, mwonyeshe mfamasia dawa zako kwanza.

MamaKijichi

Dada mwalimu, mimi na mume wangu tulikwenda njia hiyo hiyo mwaka juzi, tofauti yetu ni kwamba hatukusimama Port Klang. Nakupa yale ambayo hakuna aliyeniambia.

La kwanza ni baridi. Nilibeba nguo nyepesi tu maana nilisoma ni nyuzi 32. Nje kweli ni joto kama la Dar, lakini ndani ya meli ni friji. Ukumbi wa chakula nilikaa na kanga mbili mabegani na bado nilikuwa nasikia meno yakigongana. Beba sweta la heshima na soksi.

La pili ni kadi. Melini hakuna kutoa noti, kila kitu unagonga kadi ya chumba, na siku ya kwanza wanataka uiunganishe na kadi ya benki. Mimi nikawapa ya kawaida, ile ninayopokelea mshahara. Kumbe wanazuia fedha kila siku kama dhamana, na wakikata deni halisi, zile walizozuia haziachiwi hapo hapo. Nimetua Dar sina hata ya teksi, salio linasoma lakini halitoki. Zilikaa siku kumi na mbili. Waambieni mnaweka dhamana ya fedha taslimu, wanapokea, na siku ya mwisho mnarudishiwa kilichobaki. Na muulize kijana kama amelipia bakshishi, kwenye meli nyingi ni dola kama 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa kila usiku na inajiandika yenyewe.

Simu iwekeni hali ya ndegeni mara meli ikiondoka. Meli ina mtandao wake, laini yako ikiunasa inanyonya vocha bila wewe kugusa kitu. Kijana akitaka kukuona uso, asubiri mshuke Penang.

Mavazi rasmi yasikutishe. Wanawake wa Kizungu walivaa magauni ya kumetameta, Wamalai walivaa baju kurung zao, mimi nikavaa gauni la kitenge na kilemba, mume wangu kanzu, koti na kofia ya bulibuli. Basi tuliombwa picha mpaka chakula kikapoa. Mpiga picha wa meli naye alitupiga, akaniuzia yangu mwenyewe kwa bei ambayo sitaiandika hapa.

Penang ndiyo ningerudi kesho. Meli inafunga Swettenham Pier, mji uko hapo hapo, George Town ya zamani ambayo UNESCO waliiingiza kwenye orodha yao 2008. Kwa mwendo wa polepole tulifika msikiti wa Kapitan Keling, wa tangu mwanzoni mwa karne ya 19, waliujenga Waislamu wa Kihindi. Wageni wasiojisitiri wanaazimwa majoho mlangoni. Mimi nilikuwa na kanga yangu begani, yule mzee wa mlangoni akaitazama, akanipungia mkono nipite. Halafu tukala nasi kandar, wali na mchuzi wanaochanganya michuzi mitatu minne juu yake, halali, bei ya mama ntilie. Na kuna basi la bure mjini, goti lako litashukuru.

MwalimuWaTanga

Jamani, ahsanteni. Nimempigia kijana. Amekaa kimya kama dakika nzima halafu akasema "mama, Phuket iko Thailand?" Mtoto wa mwalimu wa jiografia! Tumeshaanza maombi ya visa.

Cheti cha njano nimekipata ndani ya kitabu cha dua, kimeandikwa 2012. Mdogo wangu tulichanjwa pamoja, ana chake. Birika amekataa kuliacha. Anasema chai ya mtu mwingine haijui. Achari tumeigawa kwa majirani.

Nina mawili tu. Baharia, goti. Na hiyo Port Klang, wameandika "Kuala Lumpur" kwa wino mkubwa, tutauona mji?

Baharia_Likoni

Hiyo ya Kuala Lumpur ni maandishi ya biashara. Bandari iko Port Klang, mji uko zaidi ya kilomita arobaini ndani, na foleni za huko si mchezo. Mkiondoka wenyewe kwa teksi, mnakwenda mkitazama saa, mnarudi mkitazama saa. Meli inatoa saa ya mwisho ya kupanda, nusu saa au saa nzima kabla ya kung'oa nanga, na haimsubiri mtu aliyejipeleka mwenyewe. Na saa ni ya meli, si ya simu. Thailand iko nyuma ya Singapore kwa saa moja, simu ikijibadilisha yenyewe Phuket unaweza kudhani una muda ambao huna. Vaeni saa ya mkono, iacheni kwenye saa ya meli.

Mimi ningekuwa na goti hilo, Port Klang ningekwenda Shah Alam tu, iko njiani. Pana msikiti wa kuba la buluu na minara minne ya mita 142, ulimalizika 1988. Mnauona, mnasali adhuhuri, mnarudi. Au msitoke kabisa. Siku watu wote wamekwenda mjini ndiyo siku ya bwawa tupu na viti vya kuchagua.

Goti litasumbuliwa Phuket. Mara nyingi meli kubwa hutia nanga mbele ya Patong na watu wanashushwa kwa boti ndogo. Mnatokea mlango wa ubavuni, karibu na maji. Boti inapanda na kushuka, meli haitikisiki. Pale pana mabaharia wawili. Usimpe kiganja, kiganja kinateleza. Mpe mkono mpaka kwenye kiwiko, akushike mkono wa chini na wewe umshike wake, hivyo hivyo upande wa pili. Halafu ungoje. Boti ikipanda juu inasimama kidogo kabla ya kushuka, na hapo ndipo unaweka mguu, ule mzima kwanza. Usiruke. Wao watakuambia "sasa". Vaa ndala zenye mkanda wa nyuma. Mikono yote iwe mitupu, mkoba uvuke mgongoni.

Na usiku wa mwisho. Karibu nisahau, na ndipo watu hujiaibisha. Usiku ule masanduku yanawekwa nje ya mlango, kabla ya saa sita, tunayakusanya yashuke kabla yenu. Watu wanafungasha kwa bidii, wanafunga kila kitu, wanalala. Asubuhi mzee mmoja wa heshima zake alifungua mlango akanitazama na taulo kiunoni, akaniuliza kama sanduku lake liko mbali. Lilikuwa gatini. Alishuka na joho la kuogea la meli, na deni la joho likaandikwa kwenye chumba chake. Tenga nguo za asubuhi kwanza, ziweke kitandani, ndipo ufungashe.

MwalimuWaTanga

Wakuu, tumerudi salama juzi. Sikutapika hata mara moja. Nilimeza kidonge siku ya kwanza nikalala mpaka magharibi, nikajisikia mjinga, sikurudia. Maji ya beseni kweli. Alfajiri ya kuingia Penang nilitoka roshani nikaona taa za meli za mizigo zimejipanga moja nyuma ya nyingine mpaka macho yangu yakachoka kuhesabu, nikawaza wale watoto niliowachapa kwa kukosea kutaja njia hii.

Visa zilitoka siku ya tisa. Gatini Singapore yule binti aligeuza kurasa zote, akaigonga ile ya Thailand kwa kidole, akatabasamu. Nyuma yetu walikuwa wawili waliotolewa kwenye foleni, sikujua mwisho wao.

Phuket nilishikwa kiwiko kama ulivyosema, Baharia. Nikawaambia wale vijana kwa Kiswahili "nisubirini", na mmoja akajibu "haya mama". Wa Mtwara! Nusura nisahau kuweka mguu.

Usiku wa mwisho nilitenga nguo. Baibui kitandani, mtandio, nguo za ndani, soksi. Nikajipongeza. Asubuhi nikagundua viatu vyote viko sandukuni. Nimeshuka Singapore na ndala za bafuni za meli, zile nyeupe za kitambaa, na soksi za kijivu, mdogo wangu anatembea hatua kumi mbele yangu akijifanya hatujuani.

Nguo sita sikuzivaa. Kanga nne zilifanya kazi zote: shuka ya bwawani, taulo, mtandio wa msikitini, mto kwenye ndege. Ndoano za sumaku nimerudi nazo, ziko kwenye friji.

MamaKijichi

Na birika?

MwalimuWaTanga

Lilifungwa jela. Saa moja usiku tukaitwa, mdogo wangu akashuka akiwa na hotuba kichwani, akamkuta mlinzi wa Kinepali mpole, akaishiwa maneno. Wakalifunga lebo ya njano yenye namba ya chumba, wakampa karatasi, asubuhi ya kushuka akalichukua mezani katikati ya pasi za watu. Chumbani tulikuwa na la meli, jipya, linachemsha kwa dakika tatu.

Lebo amekataa kuitoa. Jana nilikwenda kwake, maji yalikuwa yanachemka na ile karatasi ya njano inapepea pembeni kwa mvuke.